Ushahidi wa Damu: Protini Ndogo za Seramu na Mipaka ya Kuyajua Maradhi

Seramu ni sehemu ya damu inayobaki baada ya damu kuganda na chembe zake kuondolewa. Ni majimaji ya rangi ya manjano hafifu, na lita moja ya majimaji hayo huwa na gramu 60 hadi 80 za protini. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni protini moja tu, albumini. Wachunguzi wa magonjwa mara nyingi hutafuta kitu kingine kilicho kidogo zaidi: protini fupi na vipande vya protini, vingi vikiwa na asidi amino zisizofika 100, ambavyo hupita katika damu kwa dakika au saa chache kabla ya figo kuvichuja.

Uchunguzi wa protini hizo unabeba ahadi kubwa, yaani kuyagundua maradhi kabla mwenye mwili hajahisi lolote. Ahadi hiyo huzaa maswali ambayo maabara peke yake haiwezi kuyajibu. Damu ya mtu anayejiona mzima ikitoa ishara ya ugonjwa, ni nini hasa kimejulikana? Huo ni ujuzi wa yakini, ni dhana yenye nguvu, au ni kubahatisha kulikovishwa namba? Mtu huyo amekwisha kuwa mgonjwa? Na anayetaka kuyajua ya kesho kwa njia hii, je, anaingilia jambo ambalo dini zimeliacha kwa Mungu? Hoja inayofuatwa hapa ni kwamba damu ina nafasi ya shahidi na haina nafasi ya hakimu. Ushahidi wake ni wa thamani, lakini una masharti, na hukumu hubaki kwa binadamu wanaowajibika kwa wanachokiamua.

Kilichomo katika seramu

Protini 22 hivi hubeba takriban asilimia 99 ya uzito wa protini zote za damu iliyotolewa chembe. Maelfu yaliyobaki hugawana asilimia moja. Tofauti ya viwango ni kubwa mno: kwa mtu mwenye afya, albumini huweza kuwa nyingi mara bilioni 10 kuliko interlukini-6, protini ndogo inayoongezeka mwili unapopambana na maambukizi. Mtafiti anayetafuta protini adimu hutafuta katikati ya wingi huo.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni kwamba damu hupita katika kila kiungo, na kila kiungo huacha ndani yake alama za kazi zake. Baadhi ya alama hizo ni homoni kamili, kama insulini yenye asidi amino 51. Nyingine ni mabaki ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kongosho linapotengeneza insulini hukata kipande cha asidi amino 31 kiitwacho peptidi C, na kukiachia katika damu pamoja na insulini yenyewe. Insulini ya sindano haina kipande hicho, kwa hiyo kiwango cha peptidi C humwonyesha daktari kama mgonjwa wa kisukari bado anatengeneza insulini yake mwenyewe. Vivyo hivyo, kuta za moyo zinapotanuka kupita kiasi, misuli yake hutoa protini inayokatika vipande viwili: BNP yenye asidi amino 32 na NT-proBNP yenye asidi amino 76. Kiwango cha vipande hivyo humsaidia daktari wa zamu kutambua kama mgonjwa anayehema kwa shida ana moyo ulioshindwa kufanya kazi au ana maradhi ya mapafu.

Katika mifano hii, ishara na ugonjwa vimeunganishwa na mnyororo wa sababu unaojulikana pete kwa pete. Inajulikana kiungo gani kinatoa protini, kwa nini kinaitoa, na kwa muda gani itadumu katika damu. Ushahidi wa namna hii una nguvu kwa kuwa haukusimama juu ya mazoea ya kuona vitu viwili vikifuatana tu. Unaeleza kwa nini vinafuatana.

Namna ushahidi unavyochukuliwa

Njia kuu za kupima protini hizi ni mbili. Ya kwanza hutumia kingamwili, ambazo hushika protini moja maalumu na kuiacha nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walitumia kingamwili pamoja na insulini yenye mnururisho, wakaweza kupima viwango vya insulini vilivyokuwa vidogo mno kwa vyombo vya wakati wao. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki mwaka 1972. Njia hii humuuliza shahidi swali moja lililo wazi: protini fulani ipo kiasi gani?

Njia ya pili haianzi na swali moja. Spektromita ya tungamo huzipa molekuli chaji ya umeme na kuzitenganisha kulingana na uzito wake. Katika aina mojawapo molekuli hurushwa ndani ya ombwe na kupimwa muda zinaotumia kufika mwisho, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata. Matokeo yake ni mchoro wenye vilele vingi, kila kilele kikisimama mahali pa uzito wake. Mbinu za kuzipa protini chaji bila kuzivunja ndizo zilizowapatia John Fenn na Koichi Tanaka sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002. Hapa shahidi huachwa aseme yote aliyonayo, na kazi ngumu inakuwa kutenganisha maneno na kelele.

Kabla ya mashine yoyote kuwashwa kuna kazi ya mikono. Damu huchotwa kwenye mshipa wa mkono na kutiwa katika tyubu, kwa kawaida yenye kifuniko chekundu. Huachwa isimame nusu saa hadi saa moja ili igande, kisha huzungushwa kwa kasi katika sentrifyuji. Mtaalamu wa maabara huinyonya seramu iliyobaki juu kwa pipeti, akijihadhari asiguse donge lililo chini, na huigandisha, mara nyingi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Hatua hizi huonekana za kawaida, ilhali zinabadili kitu kinachopimwa. Damu inapoganda, kimeng'enya cha thrombini hukata protini iitwayo fibrinojeni na kuachia vipande vya asidi amino 16 na 14 vilivyozaliwa na kuganda kwenyewe. Vimeng'enya vingine huendelea kukata muda wote tyubu inapokaa mezani. Tyubu mbili zilizotoka mkono mmoja, moja ikisubiri saa moja na nyingine saa nne, zaweza kutoa michoro miwili isiyolingana. Kwa sababu hiyo, mwaka 2005 mradi wa Shirika la Proteomu ya Binadamu ulipendekeza watafiti watumie zaidi plazma, yaani damu iliyozuiwa kuganda, badala ya seramu.

Kifalsafa jambo hili ni zito. Mtu hudhani kwamba kipimo hukuta ukweli ukiwa umekaa tayari na kuusoma tu. Seramu inafundisha kwamba sehemu ya kinachoonekana hutengenezwa na namna ya kuuliza. Hilo halimaanishi kwamba hakuna ukweli. Linamaanisha kwamba anayeuliza ana wajibu wa kuijua athari ya mkono wake mwenyewe kabla ya kusema kwamba damu imesema.

Kisa cha mwaka 2002

Februari 2002, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Emanuel Petricoin, Lance Liotta na wenzao wa Marekani kuhusu saratani ya ovari, ugonjwa ambao mara nyingi hugunduliwa ukiwa umekwisha kusambaa tumboni. Watafiti walichukua seramu za wanawake 50 wenye saratani hiyo na 50 wasio nayo, wakazipima kwa spektromita ya tungamo, na kuiachia programu ya kompyuta itafute mpangilio wa vilele unaoyatenga makundi hayo mawili. Kisha programu ilipewa sampuli nyingine 116 bila kuambiwa za nani. Iliwatambua wagonjwa wote 50, na kati ya wanawake 66 wasio na saratani iliwatambua 63.

Matokeo yalipokewa kwa furaha kubwa. Jambo moja halikuwasumbua wengi wakati huo: vilele vilivyotumika havikujulikana ni protini gani. Mpangilio ulitosha. Kampuni moja ilianza kujiandaa kuuza kipimo kwa jina la OvaCheck.

Watafiti waliweka data zao wazi kwa umma, na hilo liliwawezesha wengine kuzichunguza upya. Keith Baggerly, Kevin Coombes na wenzao wa Houston walionyesha mwaka 2004 kwamba makundi yaliweza kutenganishwa hata kwa kutumia sehemu za mchoro ambako hapatarajiwi protini yenye maana, bali kelele za mashine. Mpangilio uliofaa katika seti moja ya data haukufaa katika nyingine. Katika seti mojawapo, seramu za wagonjwa na za wasio wagonjwa zilikuwa zimepimwa kwa sehemu kubwa katika siku tofauti, hivyo tofauti ya siku ingeweza kujificha ndani ya tofauti ya ugonjwa. Watafiti wa awali walizijibu hoja hizo, na mjadala ukawa mrefu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliingilia kati mwaka 2004, na kipimo hakikuingia sokoni.

Kosa la aina hii halihitaji udanganyifu. Programu iliulizwa itafute tofauti, nayo ikaipata. Haikuulizwa tofauti hiyo inatoka katika ovari au katika ratiba ya maabara, na haikuwa na njia ya kujua. Hapa ndipo linaporudi suala la zamani la kufuatana na kusababisha. Mwaka 1095, mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba kuona pamba ikiungua kila inapoguswa na moto ni kuona vitu viwili vikiandamana, na kuandamana huko peke yake hakuthibitishi ulazima. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu karibu karne moja baadaye kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kukijua kwa sababu zake. Mwanafalsafa David Hume alilifufua swali hilo mwaka 1739 bila kulimaliza.

Kisa cha ovari kinampa kila mmoja haki yake. Onyo la al-Ghazali linasimama: vilele na saratani viliandamana, na kuandamana kukadhaniwa kuwa ushahidi wa saratani. Sharti la Ibn Rushd linasimama pia: aliyetaka ujuzi alipaswa kuuliza ni protini gani, imetoka seli gani, na kwa nini saratani iiongeze au iipunguze. Mpangilio usio na maelezo waweza kuwa mwanzo mzuri wa utafiti. Hautoshi kuwa msingi wa kumpeleka mwanamke kwenye chumba cha upasuaji.

Kisa hicho pia kinaonyesha tofauti ya msingi kati ya kipimo na ramli, ambayo kwa mtazamo wa juu juu hufanana nacho, kwa kuwa vyote viwili husoma alama na kutoa habari ya kilichofichika. Mpiga ramli ana maelezo kila anapokosea: mteja hakutimiza masharti, au kuna mkono wa mtu mbaya. Kipimo cha kisayansi hutangaza mapema ni matokeo gani yatakayokiangusha, na hukubali kuangushwa. Mwanafalsafa Karl Popper alilifanya jambo hili mwaka 1934 kuwa alama ya kuitambua sayansi. Kuanguka kwa mpangilio wa mwaka 2002 kuliwaumiza waliokuwa na matumaini, lakini kulithibitisha kwamba njia yenyewe ina uaminifu wa kujikosoa.

Hesabu ya mchungaji Bayes

Hata kama mpangilio ule ungekuwa wa kweli kabisa, swali zito lingebaki. Kati ya wanawake waliopita umri wa kuzaa, saratani ya ovari hukadiriwa kuwa kwa mmoja kati ya 2,500. Kipimo kilichowakosea wanawake 3 kati ya 66 wasio na saratani, kikitumiwa kwa wanawake 2,500, kingemtambua mgonjwa mmoja aliyepo na pamoja naye kuwatia hofu wanawake wazima wapatao 114. Mwanamke aliyeambiwa kuwa damu yake ina ishara ya saratani angekuwa na uwezekano usiofika asilimia moja wa kuwa nayo. Makala ya awali ilitaja asilimia 94, kwa sababu katika sampuli zile karibu nusu ya wanawake walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Kipimo ni kilekile na namba za kosa ni zilezile, lakini maana ya jibu inageuka kabisa kwa kubadilika kwa kundi linalopimwa.

Kanuni inayoeleza hali hii inatokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Insha yake iliwasilishwa mbele ya Royal Society mwaka 1763 na rafiki yake Richard Price, naye pia mchungaji. Kwa lugha nyepesi, ushahidi mpya hauanzi kwenye ukurasa mtupu. Unabadili kiasi cha imani kilichokuwapo kabla, na kama kiasi hicho kilikuwa kidogo sana, hata ushahidi mzuri hukiacha kikiwa kidogo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliozigawa hali za akili katika shaka, dhana na yakini walikuwa na mizani inayosaidia hapa. Jibu la kipimo humtoa mtu kwenye shaka na kumpeleka kwenye dhana, wakati mwingine dhana yenye nguvu. Ni mara chache limfikishe kwenye yakini bila ushahidi mwingine: dalili za mgonjwa, picha, kipimo cha pili. Dhuluma hutokea pale dhana inapotangazwa kwa sauti ya yakini.

Sababu, kudra na ghaibu

Waumini wengi hujiuliza kama kupima damu ili kujua ugonjwa utakaokuja ni kujitwalia elimu ya ghaibu. Swali hili si la kudharauliwa. Sura ya Luqman katika Qurani inayataja mambo ambayo ujuzi wake ni wa Mungu, yakiwemo kile ambacho nafsi itachuma kesho na ardhi itakayofia. Wanaofuata mafundisho hayo wana haki ya kuuliza kipimo kinasimama wapi.

Jibu linapatikana kwa kuangalia kipimo kinafanya nini. Protini iliyomo katika seramu si kesho. Ni kitu kilichopo leo, chenye uzito unaopimika, kilichotolewa na kiungo kilichopo leo. Anayekisoma hasomi ghaibu. Anasoma athari iliyokwisha kutokea, ingawa macho matupu hayaioni. Kinachosemwa kuhusu kesho hutolewa kwa kulinganisha na watu wengine waliowahi kuwa na athari hiyo, na daima husemwa kwa uwezekano. Siku ya mtu kufa, na njia atakayofia, haimo katika tyubu. Kipimo kinavuka mpaka pale tu mtu anapokipa kauli ambayo hakikuitoa.

Suala la kudra lina jibu la kale. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, yaani 639, khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kuelekea Sham alipopata habari ya tauni iliyozuka huko. Alipoamua kurudi, kamanda wake Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akaeleza kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Uamuzi wake ulikuwa wa kutumia habari iliyopo na kuichukua sababu mkononi, naye hakuona kwamba ameacha kutawakali. Katika Biblia, mfalme Hezekia aliambiwa na nabii Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa. Aliomba, akaongezewa miaka 15, na jipu lake likawekewa dawa ya tini. Katika kisa hicho habari ya kifo, sala na tiba vinakaa pamoja bila kugombana. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kinachokubaliwa na Wakatoliki na Waorthodoksi, kinataka daktari apewe heshima kwa kuwa kazi yake ni ya Mungu.

Mapokeo haya yanakubaliana katika jambo moja. Kujua hatari iliyo mbele si kosa wala si ukosefu wa imani, bali ni amana, na amana huulizwa ilivyotumiwa.

Nani mgonjwa?

Kipimo hutoa namba, na namba inahitaji mstari wa kutenganisha uzima na ugonjwa. Kwa desturi mstari huo hupatikana kwa kupima watu wanaoonekana wazima na kuchukua asilimia 95 ya katikati kuwa kawaida. Kwa ufafanuzi huo, mtu mmoja kati ya 20 walio wazima atakuwa nje ya kawaida. Aliyepimwa vitu 20 visivyotegemeana ana uwezekano wa asilimia 64 hivi wa kukutwa na angalau kimoja kisicho cha kawaida, bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Tena mstari hutegemea waliopimwa ni akina nani. Watafiti wa Mbeya walichapisha mwaka 2008 vipimo vya rejea vya watu wazima wa kusini mwa Tanzania kwa sababu hiyohiyo: kawaida iliyochorwa kwa damu ya watu wa bara jingine hailazimiki kuwa kawaida ya kila mahali.

Wanafalsafa wa tiba wameligawanya swali hili katika pande mbili. Christopher Boorse, katika maandishi ya mwaka 1977, alishikilia kwamba ugonjwa ni hitilafu ya kazi ya kiungo ikilinganishwa na kawaida ya viumbe wa aina hiyo, na hitilafu hiyo hubaki hitilafu hata mtu asipoihisi. Georges Canguilhem, katika tasnifu yake ya mwaka 1943, alikuwa ameshikilia kwamba takwimu haiwezi kutangaza ugonjwa: mgonjwa ni mtu mzima katika mazingira yake, ambaye uwezo wake wa kuishi na kujirekebisha umepungua.

Homoni ya hepsidini inaonyesha ugumu wa swali hili kwa karibu. Ina asidi amino 25, hutengenezwa na ini, na kazi yake ni kufunga mlango ambao madini ya chuma hupitia kutoka utumbo na hazina za mwili kuingia katika damu. Chuma kikipungua mwilini, hepsidini hushuka na mlango hufunguka. Maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda na kuzuia chuma, kwa kuwa vijidudu navyo vinakihitaji. Kwa hiyo chuma kidogo katika damu ya mtoto kinaweza kuwa upungufu, na kinaweza pia kuwa kinga.

Gharama ya kutojua tofauti hiyo ilionekana Pemba. Watoto zaidi ya 24,000 wa miezi 1 hadi 35 waliingizwa katika jaribio ambalo baadhi walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, na wengine plasebo. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kuhitaji matibabu ya hospitali. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na damu walinufaika. Kitu kilekile kilikuwa dawa kwa mmoja na hatari kwa mwingine, katika kisiwa chenye malaria nyingi.

Hepsidini ikatazamwa kama shahidi wa kuwatenganisha watoto hao. Fikra hiyo ni nzuri na ina mnyororo wa sababu, ila nayo ilibidi ijaribiwe. Jaribio kwa wajawazito wa Gambia, lililochapishwa mwaka 2019, liligundua kwamba kutoa chuma kwa kuongozwa na hepsidini hakukufanya kazi vizuri kuliko kumpa kila mjamzito chuma kila siku. Kuelewa sababu ni hatua moja, na kumfaa mgonjwa ni hatua nyingine.

Mgogoro wa pande hizo mbili za wanafalsafa uko sasa katika ugonjwa wa Alzheimer. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha damu kinacholinganisha protini ya tau iliyotiwa fosfeti na beta-amiloidi 42, kipande cha asidi amino 42, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Mwaka 2024 kikundi cha wataalamu cha chama cha Alzheimer cha Marekani kilipendekeza ugonjwa utambuliwe kwa alama za kibiolojia hata bila dalili. Kikundi cha kimataifa cha watafiti wengine kikapinga, kikisema mtu mwenye alama na asiye na dalili yuko hatarini, ila asiitwe mgonjwa. Upande wa kwanza unafuata njia ya Boorse, wa pili unamkaribia Canguilhem. Kwa kuwa wapo wazee wenye amiloidi katika ubongo ambao hufariki wakiwa na akili timamu, msimamo wa pili una uzito zaidi kimaadili. Kumwita mtu mgonjwa humbadilishia namna anavyojiona, anavyotazamwa nyumbani na anavyopokewa kazini, na jina hilo halipaswi kutolewa na namba peke yake.

Kujua na kuwajibika

Kujua mapema hakumaanishi kuokoa. Uingereza iliandikisha wanawake 202,638 katika jaribio la upimaji wa saratani ya ovari, na protini ya damu iitwayo CA125 ilikuwa sehemu ya kipimo. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kufuatilia CA125 mwaka hata mwaka kuligundua saratani nyingi zaidi katika hatua za mwanzo, lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Mwaka 1968, James Wilson na Gunnar Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani masharti ya kuwapima watu wasio na dalili: ugonjwa uwe na uzito kwa jamii, mwendo wake ueleweke, kuwe na tiba inayokubalika, na kuwe na makubaliano ya nani atibiwe. Masharti hayo yanasimama hadi leo kwa sababu yanamtanguliza anayepimwa mbele ya shauku ya kupima.

Pale ambapo tiba haipo, inaingia haki ya kutojua. Azimio la UNESCO kuhusu jenomu ya binadamu na mkataba wa Ulaya uliotiwa saini Oviedo, yote ya mwaka 1997, yanatambua kwamba mtu ana haki ya kuamua asiambiwe habari za mwili wake. Haki hii ina mpaka, kwa mfano pale habari inapogusa usalama wa mwingine. Lakini kiini chake ni sahihi: habari ya damu ni ya mwenye damu kabla haijawa ya daktari, ya mwajiri au ya kampuni ya bima.

Wajibu huo unaifuata damu hata baada ya kugandishwa. Sampuli iliyochotwa leo kwa ajili ya homa yaweza kupimwa miaka kumi baadaye kwa mashine ambayo bado haijabuniwa, na kusema mambo ambayo mtoaji hakuulizwa. Ridhaa ya kweli inahitaji aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa, ajue sampuli itahifadhiwa wapi na kama itasafirishwa nje ya nchi, na apewe nafasi ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Jamii iliyotoa damu yake kwa utafiti ina dai la haki la kufikiwa na kipimo kitakachotokana nayo, kwa bei inayolipika.

Maswali ya mwanzo yanapata majibu yake kwa mpangilio huu. Kinachojulikana kwa kupima protini ndogo za seramu ni athari iliyopo sasa, na kauli yoyote ya kesho inayotokana nayo ni dhana ambayo nguvu yake hutegemea usafi wa sampuli, mnyororo wa sababu na kundi linalopimwa. Mwenye alama si lazima awe mgonjwa. Kutafuta ujuzi huo si kuingilia ghaibu, mradi unatangazwa kwa kipimo chake. Na wajibu wa anayejua haumaliziki kwenye usahihi wa namba: anatakiwa kusema ukweli pamoja na shaka iliyomo ndani yake, kumwachia mwenye mwili uamuzi wake, na kutopima kile ambacho hana cha kumfanyia mgonjwa baada ya kukijua, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ametaka kukijua.